Jacques Bertillon, daktari aliyeipa kila sababu ya kifo namba yake

Kwenye msiba wowote hapa kwetu, ukishakaa kwenye mkeka na kutoa pole, kuna swali huulizwa kwa sauti ya chini: marehemu alikuwa anasumbuliwa na nini? Majibu yake tunayajua. Homa. Presha. Alianguka tu. Tumbo lilimkata usiku. Kazi ya Mungu haina makosa. Watu wanatikisa kichwa, kisha mazungumzo yanahamia kwenye kaburi na chakula cha wageni.

Leo tunamsimulia mtu ambaye hakuridhika na majibu ya namna hiyo. Anaitwa Jacques Bertillon, daktari wa Paris, Ufaransa, aliyefariki mwaka 1922. Jina lake hatulisikii mitaani, lakini wanaofanya kazi ya takwimu za afya duniani kote wanalijua. Daktari anapoandika sababu ya kifo kwenye fomu, na mtu wa takwimu akaigeuza kuwa herufi na namba, wote wawili wanaendeleza kazi iliyopata sura yake mezani kwa Bertillon.

Ndani ya kazi hiyo kuna namba moja inayowashangaza wengi: namba ya mtu aliyeumizwa na silaha ya baharini wakati wa vita. Tutaifikia, na tutaona kwamba hata bahari yetu ya Hindi ina hadithi inayohusika nayo. Kwanza tumjue mwenyewe.

Nyumba ya watu wa hesabu

Bertillon alizaliwa Paris tarehe 11 Novemba 1851, katika ukoo ambao kuhesabu watu kulikuwa kama urithi. Babu yake mzaa mama, Achille Guillard, ndiye aliyeipa elimu ya idadi ya watu jina lake la demografia, mwaka 1855. Baba yake, Louis-Adolphe Bertillon, alikuwa daktari aliyegeukia takwimu, na baadaye akaongoza ofisi ya takwimu ya jiji la Paris. Mdogo wake Jacques, Alphonse, aliingia polisi na kupata sifa kwa kuwatambua wahalifu kwa kupima viungo vyao. Huyu Alphonse ndiye ambaye watu wengi humkumbuka wakisikia jina la Bertillon. Leo tunamzungumzia kaka yake.

Jacques naye alisomea udaktari, lakini hakutumia maisha yake kwenye wodi. Alipokuwa kijana wa miaka 19, nchi yake ilishindwa vita na Wajerumani, na Paris ilizingirwa kwa miezi kadhaa hadi chakula kikaisha. Baba yake alipofariki mwaka 1883, Jacques alikuwa na miaka 31, na ndiye aliyechukua kiti chake cha kuongoza takwimu za jiji.

Mke wake, Caroline Schultze, alizaliwa Poland akaja kusomea udaktari Paris wakati ambapo mwanamke daktari alikuwa jambo la kushangaza. Tasnifu yake ya mwaka 1888 ilihusu wanawake madaktari wa karne ile. Kwa hiyo katika nyumba hiyo kulikuwa na madaktari wawili, na kila mmoja alikuwa akipigania jambo ambalo watu wengi hawakuona umuhimu wake.

Ugonjwa mmoja, majina manne

Kazi ya ofisi ya Paris, pamoja na mengine, ilikuwa kukusanya taarifa za vifo vya jiji na kueleza watu wamekufa na nini. Hapo ndipo penye tabu. Miaka mingi kabla ya Bertillon, mwaka 1839, mtakwimu wa Uingereza aitwaye William Farr alikwisha kulalamika kwamba ugonjwa mmoja una majina matatu au manne, na jina moja hutumika kwa magonjwa matatu au manne. Wengine waliandika dalili badala ya ugonjwa. Wengine waliandika tatizo la mwisho lililotokea kitandani, wakaacha ugonjwa wenyewe uliolileta.

Fikiria mwenye duka anayefunga hesabu. Daftari la Januari limeandika sukari kwa kilo, la Februari kwa vikombe, la Machi limeandika tu kwamba sukari imeuzwa. Hawezi kujua amepata au amepoteza. Ndivyo ilivyokuwa kwa vifo. Paris haikuweza kujilinganisha na London, wala London na Berlin. Ikiwa mji mmoja umepunguza vifo vya watoto, mji mwingine hauwezi kujifunza kwake, kwa sababu hakuna anayejua kama wanazungumzia jambo lile lile.

Juhudi za kupata orodha moja zilikuwapo. Mwaka 1853, mkutano wa watakwimu uliofanyika Brussels ulimpa Farr kazi hiyo, pamoja na daktari wa Geneva aitwaye Marc d'Espine. Miaka miwili baadaye kila mmoja alileta orodha yake, iliyopangwa kwa namna tofauti kabisa. Mkutano ukaamua kuchanganya, ikapatikana orodha ya vichwa 139. Ilirekebishwa mara kadhaa, lakini nchi hazikukubali kuitumia kwa pamoja.

Orodha tatu ndani ya moja

Mwaka 1891, Taasisi ya Kimataifa ya Takwimu ilikutana Vienna na kuunda kamati ya kutengeneza orodha mpya ya sababu za vifo. Mwenyekiti wake alikuwa Bertillon. Ripoti yake ilipelekwa kwenye mkutano wa Chicago mwaka 1893, ikapitishwa.

Bertillon hakuanza kutoka sifuri. Alichukua orodha iliyokuwa ikitumika Paris tangu ilipofanyiwa marekebisho mwaka 1885, ambayo nayo ilikuwa imechota kwa Waingereza, Wajerumani na Waswisi. Kutoka kwa Farr alichukua wazo moja kubwa: yatenge magonjwa yanayoshika mwili mzima na yale yanayokaa kwenye kiungo fulani, kama moyo, mapafu au tumbo. Na yale yasiyo ugonjwa, kama ajali, kujiua na kuuawa, yakapewa nafasi yao pia.

Kisha kukawa na jambo la busara, lililopendekezwa na mkuu wa takwimu wa Uswisi. Bertillon alitoa orodha kwa saizi tatu. Fupi ilikuwa na vichwa 44, ya kati 99, na ndefu 161. Ofisi ndogo yenye karani mmoja ingeweza kutumia fupi, na jiji kubwa lenye madaktari wengi likatumia ndefu. Kila mtu aliingia kwa uwezo wake.

Mwaka 1898, chama cha afya ya jamii cha Marekani kilikutana Ottawa kikazishauri Marekani, Kanada na Mexico kuitumia orodha hiyo, na kikapendekeza irekebishwe kila baada ya miaka kumi. Mwezi Agosti 1900, serikali ya Ufaransa iliita mkutano Paris. Wajumbe wa nchi 26 walikuja, na orodha ndefu ikawa na makundi 179. Bertillon aliongoza pia marekebisho ya mwaka 1909 na ya mwaka 1920. Kwa karibu miaka thelathini dunia iliiita kwa jina lake tu: orodha ya Bertillon.

Wakati huo, baharini

Sasa tutazame kilichokuwa kikitokea nje ya ofisi yake. Miaka ile ile ambayo Bertillon alikuwa akipanga sababu za vifo, viwanda vya Ulaya vilikuwa vikitengeneza sababu mpya. Mwaka 1891, mwaka wa mkutano wa Vienna, manowari ya Chile ilizamishwa kwa topido, yaani bomu linalosafiri lenyewe chini ya maji mpaka ligonge meli.

Tarehe 27 Agosti 1896, miaka mitatu baada ya Chicago, manowari za Kiingereza zilielekeza mizinga yao kwenye kasri la Sultani Khalid bin Barghash pale Unguja. Vita hivyo havikufika saa moja. Kwa upande wa Waingereza, baharia mmoja aliumia. Kwa upande wa kasri, waliokufa na walioumia wanatajwa kwa pamoja, watu wapatao 500. Angalia vizuri hesabu hiyo. Waliokufa wangapi? Walioungua wangapi? Walioangukiwa na mbao na mawe wangapi? Vyote vimewekwa kapu moja.

Mwaka 1904, mbele ya bandari ya Port Arthur, manowari ya Kirusi Petropavlovsk iligonga bomu lililotegwa baharini na Wajapani ikazama na mamia ya watu, akiwemo Admirali Makarov.

Ufaransa nayo iliumizwa na silaha zake mwenyewe. Tarehe 12 Machi 1907, manowari Iéna ililipuka ikiwa bandarini Toulon kwa matengenezo, wakafa watu wapatao 120. Tarehe 25 Septemba 1911, katika bandari hiyo hiyo, manowari Liberté ililipuka na kuua karibu watu 300. Hapakuwa na adui. Lawama ziliangukia baruti iliyoharibika ghalani.

Hapa ndipo tunapoona thamani ya kuuliza sababu. Baharia wa Liberté na baharia aliyepigwa vitani wanaweza kuwa na majeraha yanayofanana kabisa: moto, vipande vya chuma, mapafu yaliyopasuka. Lakini dawa ya vifo vya Toulon ni kuangalia ubora wa baruti na namna inavyotunzwa. Dawa ya vifo vya vitani ni nyingine. Ukiandika tu kwamba wote walilipukiwa, hutajua cha kurekebisha.

Hofu ya Bertillon, na vita vilivyokuja

Tusimfanye malaika. Bertillon alikuwa na jambo lililomkosesha usingizi: Wafaransa walikuwa wanazaa watoto wachache kuliko Wajerumani. Mwaka 1896 alianzisha chama cha kuhimiza ongezeko la watu Ufaransa, akapigania familia kubwa zipunguziwe kodi. Mwaka 1911 alitoa kitabu kizima kuhusu nchi yake kupungukiwa watu. Mbele ya macho yake takwimu zilikuwa pia silaha. Mtoto asiyezaliwa leo alikuwa ni askari atakayekosekana kesho. Hapo hesabu zake zilibeba siasa, na wapo waliompinga.

Mwaka 1914 vita aliyoiogopa ikaja. Tarehe 20 Septemba mwaka huo ilifika mlangoni kwetu. Manowari ya Kiingereza Pegasus ilikuwa imetia nanga Unguja kwa matengenezo. Manowari ya Kijerumani Königsberg ikaja alfajiri na kuipiga kwa mizinga. Walikufa mabaharia 38 na kuumia 55. Baadhi yao wamezikwa kwenye kisiwa kidogo cha Chapwani, karibu na mji, na makaburi yao yapo mpaka leo. Bahari ni ile ile, bandari ni ile ile ya mwaka 1896, lakini safari hii tunajua idadi ya waliokufa mbali na ya walioumia. Meli ilikuwa na orodha ya watu wake. Kasri la Sultani halikupata mtu wa kuwaorodhesha namna hiyo.

Tarehe 18 Machi 1915, kwenye mlango bahari wa Dardanelles, manowari ya Kifaransa Bouvet iligonga bomu la baharini ikazama ndani ya dakika chache. Zaidi ya mabaharia 600 hawakuonekana tena. Mpaka vita vinakwisha, Ufaransa ilikuwa imepoteza wanajeshi zaidi ya milioni moja.

Bertillon aliishi mpaka akaona yote hayo. Mwaka 1920, akiwa na miaka karibu 69, alisimamia marekebisho yake ya mwisho. Alifariki tarehe 7 Julai 1922.

Namba ya mtu wa baharini

Baada yake kazi ilipokelewa na wengine. Mwaka 1948, Shirika la Afya Duniani, likiwa changa kabisa, lilichukua jukumu la orodha hiyo. Mabadiliko makubwa yakafanywa: orodha ya Bertillon ilikuwa hasa ya vifo, lakini sasa ikawa ya magonjwa na majeraha pia. Aliyepona naye akahesabiwa. Kwa vita hilo ni jambo kubwa, maana vita huacha viwete na vipofu wengi wanaoishi miaka mingi baada ya mizinga kunyamaza.

Toleo la kumi la orodha, lililoanza kutumika mwaka 1994 na ambalo bado linatumika katika nchi nyingi, lina sura nzima ya sababu zinazotoka nje ya mwili. Humo kuna kundi la vita, Y36. Na ndani yake kuna Y36.0: mlipuko wa silaha za baharini. Imetajwa kwa majina: bomu la kutegwa baharini au bandarini, topido, kombora la mzinga wa meli, bomu linalotupwa chini kuwinda nyambizi, na mlipuko wa chini ya maji. Kwa orodha hii ya leo, mabaharia wa Bouvet na wa Pegasus, na watu wa kasri la Unguja, wote wangeingia hapo.

Namba hii haisimami peke yake. Mtu wa takwimu hujibu maswali mawili. La kwanza, mwili umepata nini? La pili, kilichouumiza ni nini? Chukua baharia aliyeruka majini meli ikizama, kisha bomu likalipuka chini ya maji karibu naye. Maji hupeleka nguvu ya mlipuko mbali kuliko hewa. Nguvu hiyo hupita kwenye nyama bila kuacha alama kubwa, lakini ikifika mahali penye hewa, yaani mapafu, utumbo na masikio, inapasua. Mtu anaweza kuvutwa kwenye mashua akiwa hana jeraha la nje, akazungumza, kisha akafa kwa kuvuja damu ndani. Asiyejua sababu atadhani ni uchovu wa kuogelea. Anayejua atampima tumbo na kifua upesi.

Ndiyo maana sababu inaandikwa. Madaktari wanaopokea majeruhi wengine wa aina hiyo wanapata pa kuanzia, na taifa linajua limeumizwa na nini.

Orodha hiyo ina nafasi nyingine zinazofaa kujulikana. Vita vikiisha, kisha bomu lililotegwa wakati wa vita likamlipukia mtu, huyo anaingia Y36.8. Anayeishi na ulemavu wa vita vya zamani ana nafasi yake, Y89.1. Na mvuvi wa pwani yetu anayekatwa mkono na baruti ya kuvulia samaki? Huyo hayumo vitani. Ajali yake inaingia W40, pamoja na ajali nyingine za milipuko. Mlipuko unafanana, lakini tatizo ni letu wenyewe: uvuvi haramu, si adui wa ng'ambo. Tukimweka kwenye kapu lisilo lake, tutaficha tatizo.

Toleo la kumi na moja lilianza rasmi mwaka 2022, na nchi zinahamia huko taratibu. Namba zimebadilika sura, lakini maswali ni yale yale mawili.

Na sisi je?

Unaweza kusema, mtangazaji, mimi niko shambani, mambo ya topido yananihusu nini? Yanakuhusu kwa njia hii.

Orodha inayoweza kumpa nafasi baharia aliyeuawa chini ya maji inaweza pia kumpa nafasi mama aliyefariki kwa kutoka damu baada ya kujifungua, mtoto aliyekufa kwa malaria, na kijana aliyegongwa na bodaboda. Nafasi ipo tayari. Kinachokosekana mara nyingi ni taarifa. Ndugu akifia nyumbani na kuzikwa bila kuripotiwa, ni kama watu wa kasri la mwaka 1896. Tunajua wapo, hatujui wangapi, wala walikufa na nini.

Kwa hiyo kuna mambo matatu ya kushika. La kwanza, kifo kinapotokea, toa taarifa kwa mtendaji wa kijiji au mtaa, na ufuatilie cheti cha kifo RITA. Cheti hicho kitawasaidia pia mjane na watoto kwenye mirathi. La pili, daktari au muuguzi akikuuliza ugonjwa ulianzaje, mweleze kwa mpangilio: homa ilianza lini, alianguka wapi, alikunywa dawa gani. Usifiche kwa aibu. Yeye hawezi kuandika asichoambiwa. La tatu, ukipewa karatasi iliyoandikwa tu kwamba moyo ulisimama, uliza kwa heshima kilichousimamisha ni nini. Kila anayekufa moyo wake husimama. Fomu ya kimataifa ya sababu ya kifo inataka mnyororo mzima, kuanzia tatizo la mwisho kurudi nyuma hadi lile lililoanzisha yote.

Bertillon hakuzuia vita hata kimoja, na orodha yake haikumfufua mtu. Alichofanya ni kuhakikisha kwamba mtu akifa Paris, Ottawa au Unguja, kuna mahali pa kuandika kilichomuua, kwa namna ambayo mtu wa nchi nyingine ataelewa. Safari nyingine ukikaa msibani na ukasikia kwamba marehemu alianguka tu, muulize jirani yako kwa upole: alianguka kwa sababu gani? Huenda jibu likamwokoa aliyebaki kwenye nyumba hiyo hiyo.